Cheti anacho, wa kumpokea hana

Ukiingia kwenye karakana moja ya samani pale Keko, Dar es Salaam, utaona ukutani, juu ya lundo la maranda, kipande cha plaiwudi kilichojaa michoro ya mikono. Ngumi iliyokunjwa. Viganja viwili vinavyosuguana. Kidole kinachogusa shavu. Imechorwa kwa penseli ya useremala, ile ya bapa, na chini ya kila mkono kuna neno moja: simama, hatari, pima, mteja, kesho, hela. Nilihesabu hadi 38 nikaacha, maana mingine imefunikwa na kalenda ya duka la vanishi.

Ubao ule si wa kijana kiziwi anayefanya kazi pale. Yeye lugha yake anaijua. Ni wa wenzake sita wanaosikia, na wa fundi mkuu, mzee wa miaka sitini na ushee, aliyeitikia shikamoo yangu bila kuinua macho kwenye kitanda cha sita kwa sita alichokuwa akikipiga msasa.

“Wiki ya kwanza nilimfokea mpaka sauti ikakauka,” aliniambia. “Halafu nikajishtukia. Namfokea nani, mwanangu?”

Kijana mwenyewe alikuwa kwenye mashine ya kuchania mbao. Mkono wa kulia ulisukuma ubao wa mninga, kiganja cha kushoto kimelala juu ya meza ya chuma, mbali na msumeno. Msumeno ukifika kwenye jicho la mbao, meza hubadili mtetemo. Wenzake huusikia mlio. Yeye huupata kiganjani, na mara mbili nilizomtazama alipunguza kasi kabla wao hawajageuza shingo. Viziwi hupeana majina ya alama, na jina alilompa bosi wake ni kidole cha shahada kinachopita juu ya sikio, mahali penseli inapokaa. Sasa karakana nzima humtaja mzee kwa kidole hicho, hata siku ambazo kijana hayupo.

Alifikaje pale? Hakuletwa na ofisi yoyote. Alimaliza kidato cha nne kwenye shule ya bweni mkoani, akarudi kwa mama yake Mbagala na cheti cha daraja la nne, akakaa nyumbani mwaka na miezi akichota maji na kulea watoto wa dada yake. Mwalimu wake wa elimu maalumu alikuja Dar likizo, kwa mdogo wake anayeishi Temeke, akamtafuta. Ndiye aliyezunguka Keko karakana kwa karakana, ndiye aliyekataliwa mara nne, ndiye aliyechora ule ubao kwa Jumamosi tatu mfululizo, na nauli ikitoka kwenye mkoba wake. Mdogo wake angekuwa anaishi Tabora, kijana yule angekuwa bado anachota maji.

Ni hilo lililonifanya niandike makala haya. Ajira ya kijana aliyesomeshwa na taifa kwa miaka kumi na zaidi ilitegemea mwalimu wake ana ndugu mji gani.

Nimeandika habari za elimu kwa muda mrefu, na nitasema jambo ambalo baadhi ya wanaharakati hawalipendi: ndani ya uzio wa shule, Tanzania imefanya mengi. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilifuata mwaka 1963, Buguruni Viziwi mwaka 1974. Leo sekondari zipo: viziwi wanasoma Njombe na Moshi Ufundi, wasioona wanasoma Mpwapwa na kwingineko, wasichana wenye ulemavu wa viungo wanasoma Jangwani. Walimu wa elimu maalumu wanafundwa chuo cha Patandi, Arusha. Tangu 2016 kidato cha kwanza hadi cha nne hakina ada, na tangu 2022 hata cha tano na sita.

Tazama siku ya mtihani. Mwanafunzi asiyeona anakaa mbele ya mashine ya Perkins, chuma cha kilo karibu tano chenye vitufe tisa: sita vya nukta, kimoja cha nafasi, kimoja cha kurudi nyuma, kimoja cha kushuka mstari. Mstari ukikaribia kwisha, kengele ndogo hulia. Karatasi ya maswali imekuja kwa nukta nundu. Mwenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino, ameletewa maandishi yaliyokuzwa. Baraza la Mitihani linaelekeza waongezewe dakika 10 kwa kila saa, na dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati. Mtu fulani, ofisini, amekaa akafikiri kwamba hesabu huchukua muda zaidi kwa vidole kuliko kwa macho, akaliandika hilo katika utaratibu. Sisemi mambo yote huenda sawa kila kituo, lakini utaratibu upo, una namba, na una wa kuulizwa.

Mtihani ukiisha Novemba, matokeo yakatoka Januari, uangalifu wote huo hukatika kama umeme. Hakuna tena anayehesabu dakika za mtu.

Sababu yake si roho mbaya. Nimejaribu kuifuatilia kiofisi na imenichukua muda kuielewa. Mtaala na sera ni vya Wizara ya Elimu. Shule zenyewe, majengo, walimu na mabweni, ziko chini ya TAMISEMI. Masuala ya kazi, ajira na watu wenye ulemavu, kwa miaka mingi, yamekaa Ofisi ya Waziri Mkuu. Kijana akiwa darasani ana wizara mbili zinazomgombania. Akitoka getini na sanduku lake la bati, wizara ya tatu haina habari kwamba ametoka. Haina orodha yake. Haijui kama ni kiziwi au ana usonji, kama anajua kushona au kuunganisha nyaya. Inajua tu, kama sote tunavyojua kwa Sensa ya 2022, kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Takwimu hiyo haimpeleki mtu Keko.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Ukiipigia hesabu inachekesha kidogo: asilimia 3 ya watu 20 ni sehemu sita katika kumi za mtu mmoja. Ukitaka mtu kamili unahitaji kiwanda cha watu 34. Lakini tuseme cha watu 100. Nafasi tatu. Niliwauliza maofisa utumishi watano wa kampuni binafsi, wote watu ninaofahamiana nao, kama wanaijua asilimia hiyo. Wawili waliijua. Mmoja kati ya hao wawili akaniuliza, kwa heshima zote, “Sasa kaka, hao watu mnawaficha wapi? Nikitangaza nafasi hawaji.”

Swali lake lilinikera, kisha likanikaa. Hawaji kweli. Wangekujaje? Tangazo limebandikwa kwenye mtandao kama picha, na programu ya kusoma skrini kwa kawaida haisomi maandishi yaliyo ndani ya picha. Mwisho wa tangazo kuna namba ya kupiga, si ya kuandikia. Usaili uko ghorofa ya tatu.

Na hapo kwenye ghorofa ya tatu mimi mwenyewe sina pa kujificha. Ofisi moja niliyowahi kuitumikia ilimwita kijana kwenye usaili, tukagundua amefika kwa kiti mwendo na lifti ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Tulishuka sisi watatu tukamsaili kwenye maegesho, kwenye meza ya mlinzi, huku madereva wa bodaboda wakisikiliza. Alijibu vizuri. Tulipanda juu tukakubaliana kwamba “mazingira yetu hayajawa rafiki”, na hilo neno rafiki tulilitumia bila aibu. Lifti ilitengenezwa mwezi uliofuata kwa sababu mkurugenzi aliteguka mguu.

Lakini nikirudi kwa viziwi, maana ndiko nilikotumia muda mwingi, kizuizi kikubwa hakina ngazi wala lifti. Ni karatasi moja: barua ya kuomba kazi.

Chukua sentensi ya Kiswahili, “Jana nilimwona mwalimu sokoni.” Lile neno moja, nilimwona, limebeba mwenye kuona, wakati, anayeonwa na tendo, vyote kwa pumzi moja. Lugha ya Alama ya Tanzania haisemi hivyo. Huanza na wakati, huwataja watu na kuwapa mahali pao hewani, kisha mkono husafiri kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ni lugha kamili, ina sarufi yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitolea kamusi mwaka 2004. Kijana aliyekua nayo akishika kalamu huandika, “Jana soko mimi mwalimu ona.” Sisi tunaomsoma tunacheka au tunasikitika, tunadhani tumeona upungufu wa akili. Tumeona mtu anayeandika lugha ya pili kwa mpangilio wa ya kwanza. Halafu anapoingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza. Hiyo ni ya tatu, na hakuna hata moja kati ya hizo mbili za kuandika aliyowahi kuisikia masikioni.

Walimu wa viziwi wanalijua hili kama wanavyojua majina ya watoto wao. Ofisi za utumishi hazilijui. Kwa hiyo barua inafika, inasomwa mistari miwili, inawekwa kando.

Mwalimu yule wa likizo hakupeleka barua Keko. Alipeleka stuli. Kijana alikuwa ameitengeneza shuleni, mtiki mtupu bila msumari hata mmoja, ulimi umeingia kwenye tundu. Mafundi wanne wa kwanza hawakutaka hata kuigusa walipojua aliyeitengeneza ni nani. Wa tano aliikalia, akajitikisa, akainuka, akaigeuza miguu juu, akaingiza ukucha kwenye maungio. Ukucha haukuingia. Ndipo akauliza huyo kijana yuko wapi. Sijaona usaili uliofanywa vizuri kuliko huo, na sikuwepo. Nimehadithiwa na fundi mwenyewe, aliyenionyesha hiyo stuli. Ndiyo anayokalia akinywa chai.

Kuna jambo jingine ambalo karakana ile ilinifundisha, na nadhani hata watunga mitaala hawajalishika sawasawa. Alama za useremala anazotumia kijana nyingi zilitungwa shuleni kwake, na mwalimu wa ufundi aliyekuwa hajui lugha ya alama pamoja na mwalimu wa lugha ya alama aliyekuwa hajui randa ni nini. Walikaa pamoja, mmoja akinyanyua kifaa, mwingine akitafuta mkono wake: patasi, timazi, pima maji, msumeno wa mkono, gundi. Shule nyingine huenda ina alama tofauti kabisa ya patasi. Mtu anayesikia akihama kutoka Mwanza kwenda Mtwara patasi inabaki patasi. Kiziwi akihama anaweza kulazimika kujifunza upya jina la kila kitu kilicho mezani.

Nalisema hili kwa sababu mambo yanabadilika, na safari hii kwa uzuri. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umefungua mkondo wa amali sekondari. Mwanafunzi anaweza kusoma useremala, umeme, ushonaji, upishi, kilimo na fani nyingine kama masomo yake halisi, si kama adhabu ya aliyeshindwa. Kwa mwanafunzi mwenye ulemavu huu ndio mlango mkubwa zaidi kufunguliwa kwa kizazi hiki. Lakini mkondo wa amali unafundishwa na fundi aliyesomea umeme, na elimu maalumu inafundishwa na mwalimu aliyesomea Patandi. Kama wawili hawa hawatakaa meza moja, kama walimu wawili wa kijana wa stuli walivyokaa, kijana kiziwi atasimama mbele ya mashine ya kulehemu akimtazama mtu anayechapua midomo nyuma ya barakoa nyeusi.

Mashine zenyewe zinataka kufikiriwa. King’ora cha hatari hakimsaidii asiyesikia. Taa inayowakawaka inamsaidia, na bei yake hata kitasa cha mlango kinaishinda. Futi kamba yenye alama za kugusika asiyeona anaipima kama wewe unavyosoma. Si mambo ya kusubiri wafadhili.

Kuna vijana wengine ambao shida yao ni kupelekwa kwenye kazi isiyo yao. Nimemwona mvulana mwenye ualbino akijifunza uashi saa saba mchana, jua la Februari, kofia ya shule kichwani, eti kwa sababu darasa la ushonaji lilijaa. Hospitali ya KCMC kule Moshi hutengeneza losheni maalumu ya kukinga ngozi, Kilisun, kwa ajili ya watu kama yeye. Inasaidia, lakini haimgeuzi mtu kuwa wa kujenga kuta juani miaka thelathini. Saratani ya ngozi ni hatari anayoishi nayo maisha yote. Kijana huyo alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu shule ile haikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza.

Na wasioona? Wazee watakumbuka opereta wa simu asiyeona, aliyekaa kwenye swichibodi ya ofisi ya serikali akijua kila mtu kwa sauti. Ilikuwa kazi ya heshima, ya mshahara na pensheni. Simu za mkononi zikaja, swichibodi zikaenda stoo, na hatukukaa kufikiri nini kichukue nafasi yake. Tukarudi kwenye vikapu na mazulia, kana kwamba vidole vinavyosoma nukta nundu vimeumbiwa kusuka tu. Wakati huohuo dunia imeleta NVDA, programu ya kompyuta inayosoma skrini kwa sauti, ambayo Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, walianza kuitengeneza mwaka 2006 na wakaiachia bure. Sauti yake ya Kiswahili ipo, ya kibati kidogo, lakini utaielewa. Kuiweka kwenye kompyuta hakumalizi kikombe cha chai. Nenda shule yenye wanafunzi wasioona na chumba cha kompyuta, uliza imewekwa kwenye mashine ngapi. Mwalimu wa TEHAMA wa shule moja nzuri tu aliniomba nimwandikie hilo jina kwenye karatasi.

Hapo huwa najibiwa kwa majina makubwa. Mbona Salum Barwany, mwenye ualbino, alichaguliwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010? Mbona Dk. Abdallah Possi aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015, na Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, akawa naibu katibu mkuu wa wizara? Ni kweli, na nilifurahi kila mara. Lakini wanaofika ngazi hizo tayari wameshajua njia ya kwenda mjini. Anayenisumbua ni wa daraja la nne. Nchi inaishi kwa mafundi, makonda, wauza maduka, wapishi na wasusi, na humo ndimo vijana wengi wasio na ulemavu wenye cheti kama hicho hupata riziki. Wanaingia kwa kujuana: mjomba ana gereji, jirani ana saluni. Mwenye ulemavu aliyelelewa bweni la mbali tangu ana miaka saba hana jirani huyo. Bweni lilimpa elimu, likamnyima mtaa.

Kwa hiyo maandalizi ya kazi hayaishii kwenye ufundi. Ni kupanda daladala saa kumi na mbili asubuhi na fimbo nyeupe bila konda kukushika kwapa kama mgonjwa. Ni kiziwi kujua kuandika kwenye simu, “Bosi leo naumwa, kesho nakuja,” badala ya kutoweka siku mbili. Ni kujua kwamba bosi akikunja uso si lazima amekukasirikia wewe. Nilimuuliza kijana wa Keko, kupitia kwa mwalimu wake, nini kilimshinda mwanzoni. Nilitegemea aseme mashine. Alionyesha mkono mdomoni: chakula cha mchana. Wenzake walikuwa wakienda kwa mama ntilie kwa kelele za kuitana. Yeye akiinua kichwa anakuta karakana tupu, anadhani wamemkimbia. Siku hizi wanamgonga bega.

Sijawagusa wenye ulemavu wa akili, na ni makusudi, kwa sababu ukweli ni kwamba wengi wao hawajafika sekondari kabisa. Wamebaki kwenye vitengo vya elimu maalumu vya shule za msingi, wengine wakiwa na ndevu, wakifua, wakipika, wakisuka mikeka. Sera mpya inataka elimu ya lazima iwe ya miaka 10, na hapo itabidi tuamue tunawafundisha nini humo. Wapo waliotangulia kulifikiria. Mwaka 1996 hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, ilianzisha mpango uitwao Project SEARCH. Mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili au wa makuzi humalizia mwaka wake wa mwisho wa shule palepale kazini, akizunguka idara kwa idara, leo anapanga vifaa, muhula ujao anahudumu jikoni, na mwalimu yupo naye jengo hilohilo. Sheria ya elimu ya Marekani, kwa upande wake, inataka mwanafunzi mwenye ulemavu akifika miaka 16 mpango wake wa shule uwe unasema tayari baada ya hapo anakwenda wapi. Wana fedha kuliko sisi, sawa. Lakini kiini cha jambo hilo si fedha. Ni mwalimu aliyehama na wanafunzi wake kwenda kazini, kama yule wa Jumamosi tatu, tofauti ikiwa kwamba wao wamemlipa.

Ndicho ninachokiomba, na sioni kama ni kikubwa. Jumamosi zile tatu ziwe kazi rasmi. Mwalimu wa kitengo apewe siku kwenye ratiba na nauli kwenye bajeti ya halmashauri, azunguke karakana, saluni, gereji na maduka ya karibu kuanzia mwanafunzi akiwa kidato cha tatu, na amfuate huko miezi ya mwanzo. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya VETA huenda field na hakuna anayeshangaa. Mafunzo ya uanagenzi serikali imeyaendesha kwa maelfu ya vijana. Yatengewe nafasi zinazotajwa kwa jina kwa wanaotoka vitengo. Na ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu ni njema, ila kumkopesha kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kukaa siku moja chini ya fundi ni kumnunulia deni.

Kundi la kwanza la mkondo wa amali, lililoanza kidato cha kwanza mwaka 2024, litafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2027. Wewe msomaji mwenye kiwanda, gereji au jiko la hoteli, ofisi ya elimu ya halmashauri yako ina afisa anayeshughulikia elimu maalumu, na anajua shule ipi iliyo karibu nawe ina kitengo. Nenda kabla ya Novemba yoyote ile. Ukisubiri matokeo ya Januari, wanafunzi wameshatawanyika, na namba zilizoachwa shuleni ni za wazazi ambao simu zao hazipatikani.

Nikiwa naaga Keko, mzee aliniita nirudi. Anatafuta kijana wa pili, akaniomba nimwandikie gazetini. Awe anaijua randa na asiwe mvivu wa asubuhi. Kusikia, alisema, si lazima.